Akhtar Hameed Khan: mzee aliyewafunza maskini kujichimbia mitaro

Katika mtaa nilikolelewa palikuwa na mtaro mmoja uliopita katikati ya nyumba zetu. Mvua ikinyesha, maji yake meusi yaliingia hadi jikoni. Wazee wakaitisha harambee. Kila nyumba ilitoa ilichoweza, majina yakaandikwa katika daftari, na mgeni wa heshima akaja na bahasha yake akapigiwa makofi. Mtaro haukujengwa. Fedha zilikwenda wapi hakuna aliyejua, na aliyethubutu kuuliza aliambiwa kwamba anavuruga umoja wa mtaa. Nilikuwa kijana mdogo wakati huo, lakini swali moja lilinikaa moyoni tangu siku zile: je, watu maskini wa mjini wanaweza kweli kuutengeneza mtaa wao kwa mikono yao, au hayo ni maneno ya majukwaani tu?

Jibu lililonitosheleza nimelipata mbali na hapa, katika maisha ya mzee mmoja wa Bara Hindi, hayati Akhtar Hameed Khan. Huko Pakistan na Bangladesh jina lake linajulikana sana. Kwetu Kenya ni wachache wanaolijua, ijapokuwa shida alizopambana nazo ni zetu pia. Basi leo, ndugu msomaji, nakuomba tufuatane nami nikusimulie habari zake.

Kijana wa serikali

Khan alizaliwa tarehe 15 Julai 1914 katika mji wa Agra, wakati India ilipokuwa chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa afisa wa polisi. Mama yake alikuwa mpenzi wa mashairi, naye ndiye aliyemfungulia mwanawe mlango wa hekima ya masufi, hasa ile ya Rumi. Kijana akasoma kwa bidii, akapata shahada ya fasihi ya Kiingereza, na mwaka wa 1936 akaingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Hiyo ilikuwa kazi ambayo vijana wasomi wa India waliiota usiku na mchana, kwa maana ilikuwa na mshahara mnono na heshima kubwa. Alipelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge kwa mafunzo, kisha akapangiwa kazi katika jimbo la Bengal.

Mwaka wa 1943 njaa kubwa iliikumba Bengal. Watu zaidi ya milioni mbili walipoteza maisha yao kwa njaa na magonjwa yaliyoifuata. Khan aliyaona mambo hayo kwa macho yake, akaona pia jinsi serikali aliyoitumikia ilivyozembea. Haukupita muda mrefu akaandika barua ya kujiuzulu.

Wengi walidhani ameingiwa na wazimu. Mtu huyu aliyekuwa akipigiwa saluti alikwenda kuishi katika kijiji karibu na Aligarh, akafanya kazi ya kibarua, na kisha akawa mwanagenzi wa ufundi wa kufuli. Alitaka kujua maskini anaishije, na aliona kwamba hawezi kuyajua hayo akiwa ameketi nyuma ya meza. Alikaa huko kwa muda wa miaka miwili hivi. Ufundi wa kufuli haukumtajirisha, lakini naamini shule ile ya kijijini ilimfaa kuliko Cambridge.

Comilla na funzo lake

Baada ya India kugawanywa mwaka wa 1947, Khan alifundisha kwa miaka michache mjini Delhi. Mwaka wa 1950 alihamia Pakistan, akawa mkuu wa chuo katika mji wa Comilla, upande wa mashariki ambao leo ni nchi ya Bangladesh. Mwaka wa 1959 akakabidhiwa taasisi mpya ya maendeleo ya vijijini papo hapo Comilla, na hapo ndipo sifa zake zilipovuka mipaka.

Mpango wake ulikuwa hivi. Wakulima wadogo waliunda vyama vya ushirika vijijini mwao, wakaweka akiba kidogo kila juma, na kumchagua mmoja wao aende mjini kujifunza kilimo bora, kisha arudi kuwafundisha wenzake. Vyama hivyo vidogo viliunganishwa chini ya chama kikuu cha wilaya. Wageni kutoka nchi nyingi walimiminika Comilla kutazama, na mwaka wa 1963 Khan alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay, ambayo huko Asia ni heshima kubwa mno.

Hata hivyo, kizuri hakikosi kasoro. Kadiri miaka ilivyopita, wakulima wenye uwezo waliviingilia vyama vile, wakachukua mikopo mikubwa, na wengine hawakuirudisha. Vita vya mwaka wa 1971 vilipoigawa Pakistan na Bangladesh ikazaliwa, Khan alilazimika kuiacha kazi aliyoijenga kwa zaidi ya miaka kumi. Jambo linalonivutia kwake ni kwamba hakuona haya kulieleza hadharani lililoharibika. Viongozi wangapi tunaowajua wanaweza kufanya hivyo?

Safari ya Orangi

Mwaka wa 1980 Khan alikuwa na umri wa miaka 65, umri ambao wengi wetu tungekuwa tumekwisha rudi shambani kupumzika. Wakati huo tajiri mmoja wa benki, Agha Hasan Abedi, alimwomba afanye jambo kuwasaidia watu wa Orangi. Benki hiyo ya Abedi ndiyo BCCI, ambayo ilikuja kuanguka kwa aibu kubwa mwaka wa 1991. Lakini fedha iliyotoa Orangi kupitia wakfu wake zilifanya kazi njema, na haki lazima isemwe.

Orangi ni mtaa mkubwa mno kaskazini-magharibi ya Karachi. Serikali ilianza kupima viwanja huko mwaka wa 1965, lakini sehemu kubwa iliyobaki iligawanywa na madalali. Neno hilo dalali wao pia wanalo, na kazi yake huko haina tofauti na ile tunayoijua huku. Baada ya mwaka wa 1971 wakimbizi kutoka Bangladesh waliongezeka juu ya wahamiaji wengine, na mtaa ukafurika watu. Walijijengea nyumba za matofali ya simiti kidogo kidogo, chumba kimoja baada ya kingine. Nyumba walikuwa nazo. Walichokosa ni mahali pa kupeleka uchafu. Walitumia vyoo vya ndoo na mashimo, na maji machafu yakamwagwa vichochoroni ambako watoto walicheza.

Khan hakufika na saruji wala mabomba. Kwa miezi kadhaa alizunguka tu, akiuliza na kusikiliza. Watu walimweleza shida zao, naye akawauliza kwa nini hawazitatui. Jibu lilikuwa lile lile kila mahali: hiyo ni kazi ya serikali, na iko siku itakuja kuifanya bure. Khan akaona kwamba wanangoja meli jangwani. Serikali haikuwa na nia ya kufanya kazi hiyo bure, na kwa bei za wakandarasi wake, watu wa Orangi wasingeweza kuilipia.

Akachambua tatizo hilo akapata vizuizi vinne. Cha kwanza kilikuwa katika fikira, yaani imani kwamba serikali italeta kila kitu. Cha pili ni gharama. Cha tatu ni ukosefu wa ujuzi, kwa kuwa kuchimba mtaro ni rahisi lakini kuupa mteremko unaofaa ni kazi ya kitaalamu. Cha nne ni ukosefu wa umoja, kwa maana bomba la majitaka haliwezi kuwa la mtu mmoja.

Kichochoro kimoja, mkoba mmoja

Dawa ya Khan ilikuwa kuanza na kichochoro kimoja. Mtaa wa Orangi ulikuwa na watu wa makabila na lugha mbalimbali, na kuwaita wote mkutanoni kungeleta hotuba na ugomvi. Lakini katika kichochoro chenye nyumba ishirini au thelathini, watu wanajuana. Wanajua nani mkweli na nani mla mali ya watu. Basi kila kichochoro kiliambiwa kikubaliane chenyewe na kimchague msimamizi wake. Wakishapatana, msimamizi huyo angeuandikia mradi barua ya kuomba msaada.

Hapo mafundi wa mradi wangefika, wapime ardhi, wachore ramani, na kuwapa hesabu kamili ya simiti, mchanga na siku za kazi. Waliwaazima vifaa na kuwaonyesha jinsi ya kuvitumia. Fedha hawakuzigusa. Msimamizi alizikusanya kwa majirani zake, akanunua vifaa mbele ya macho yao, na kazi ikafanywa na wenyewe au na vibarua waliowalipa wenyewe. Ukitaka kujua fedha ziko wapi, ulitoka nje ya mlango wako ukatazama. Kila niyasomapo maneno haya nalikumbuka lile daftari letu la harambee. Sisi tulichanga mtaa mzima, fedha zikapanda kwa wakubwa, wala hatukuziona zikishuka.

Gharama nayo ilishuka vibaya sana. Wataalamu wa mradi walirahisisha michoro, wakatengeneza kalibu za chuma za kumiminia simiti, na faida ya mkandarasi pamoja na hongo zikaondoka. Katika miaka ya mwanzo nyumba moja iliweza kupata choo na sehemu yake ya bomba kwa takriban rupia 1,000, bei ambayo ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile ya serikali. Makosa hayakukosekana. Kazi nyingine za mwanzo zilikuwa mbovu zikabidi kurudiwa. Lakini majirani walikuja kutazama, wakaona kichochoro kikavu, wakarudi kwao kuitisha mkutano. Khan alipofariki, vichochoro karibu 6,000 vyenye nyumba karibu 90,000 vilikuwa vimejijengea mabomba yao kwa fedha zao.

Hakuishia kwenye majitaka. Mradi uliwasaidia wanawake walioshona nguo majumbani, uliboresha utengenezaji wa matofali, na mwaka wa 1987 ulianzisha mfuko wa mikopo midogo kwa wenye biashara ndogo ndogo.

Kugombana na wakubwa

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi wa Kenya. Katika miaka ya 1980 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Nairobi, lilishirikishwa katika kazi ya Orangi. Wataalamu wake walitaka kwanza ufanywe mpango kamili wa mtaa mzima, kwa viwango vya uhandisi vinavyokubalika duniani. Khan akawapinga. Kwake yeye, kiwango ambacho maskini hawezi kukilipia si kiwango chochote, na kungoja mpango kamili ni kungoja tu. Pande zote mbili zilishikilia msimamo wake. Mwishowe ule mpango wa wataalamu ulifungwa, na vichochoro vikaendelea kuchimba.

Wako waliomlaumu kwamba anaisamehe serikali wajibu wake na kuwatwisha maskini mzigo ambao matajiri wa Karachi hawakubebeshwa. Lawama hizo hazikuwa za bure, nami kwa muda mrefu nilikuwa upande wao. Lakini Khan na wenzake, akiwamo msanifu majengo Arif Hasan, waliigawa kazi hiyo mafungu mawili. Choo cha ndani, bomba la kichochoro na bomba linalokusanya maji ya vichochoro kadhaa vilikuwa juu ya wananchi. Mifereji mikuu na mitambo ya kusafisha maji ilibaki juu ya serikali, na wananchi waliidai wakiwa na ramani mkononi. Mtu aliyekwisha kumaliza fungu lake hudai kwa sauti nyingine kabisa. Mwaka wa 2006 sera ya taifa ya usafi ya Pakistan iliukubali mgawanyo huo.

Hata hivyo fungu la serikali lilijikokota. Maji machafu ya Orangi yalikwenda katika vijito na hatimaye baharini bila kusafishwa. Kichochoro kilikauka, bahari ikachafuka. Nalieleza jambo hilo kwa sababu Khan mwenyewe hakuwa mtu wa kuficha mabaya.

Uzee wake haukuwa na raha. Alishtakiwa kwamba ameikufuru dini, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa hadithi aliyowaandikia watoto. Alikana mashtaka hayo, lakini kesi zilimsumbua kwa miaka. Mtu aliyesoma Kiarabu na Kiajemi na kuwapenda masufi alijikuta akisimama mahakamani katika uzee kuitetea imani yake. Kazi hakuiacha, na mwaka wa 1996 kilichapishwa kitabu cha kumbukumbu zake za Orangi. Alifariki tarehe 9 Oktoba 1999 huko Indianapolis, Marekani, alikokwenda kuwatembelea jamaa zake, akiwa na umri wa miaka 85. Mwili wake ulirudishwa Karachi ukazikwa Orangi, katika uwanja wa mradi wake.

Kazi ile ilikuwa na hatari ambayo kifo chake hakikuiondoa. Mwanafunzi wake, msanifu majengo Perween Rahman, aliyekuja kuuongoza mradi, alipigwa risasi tarehe 13 Machi 2013 akiwa njiani kurudi nyumbani. Yeye alikuwa akichora ramani za vijiji na mitaa iliyo ukingoni mwa Karachi, ili wenyeji wawe na ushahidi wa ardhi yao mbele ya wanyakuzi. Kumbe ramani ya mtaa wa maskini inaweza kumkasirisha mtu kiasi cha kuua.

Je, huku kwetu?

Marafiki zangu kadhaa, nikiwasimulia habari hizi, huniambia kwamba basi tufanye kama Orangi. Mimi huwajibu tusiwe na haraka. Watu wa Orangi walikuwa wakikaa katika nyumba zao wenyewe, hata kama hati za ardhi hawakuwa nazo. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi wakazi wengi mno ni wapangaji, na mwenye nyumba anaishi kwingine. Mpangaji akichanga na kuchimba bomba, nani atafaidi? Huenda mwezi ujao kodi ikapanda kwa sababu ya choo kile kile alichokijenga, naye akalazimika kuhama. Kumwambia mtu kama huyo ajitegemee bila kwanza kumlinda ni kumfanyia dhihaka.

Kwa hiyo nilifurahi mwaka wa 2017, wakati kaunti ya Nairobi ilipoitangaza Mukuru kuwa eneo la mipango maalumu, na wakazi wa Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani wakashirikishwa katika kupanga barabara, maji na majitaka yao, wakianzia vikundi vidogo vya nyumba jirani. Sijui kama kuna aliyemtaja Khan katika mikutano ile, wala si lazima. Jambo la maana ni kwamba waliokuwa wakipangiwa waliketi mezani pamoja na wapangaji wa mji.

Lakini kuketi mezani ni mwanzo tu. Maisha ya mzee huyu yamenifundisha kuuliza maswali matatu kila nisikiapo kwamba wananchi wameshirikishwa. Mkoba wa fedha umeshikwa na nani? Ramani iko mikononi mwa nani? Na kazi ikiharibika, nani atagongewa mlango usiku? Katika Orangi jibu la maswali yote matatu lilikuwa jirani aliyechaguliwa, anayejulikana kwa jina lake na jina la baba yake. Katika harambee yetu jibu halikuwapo, na ndiyo maana mtaro haukuwapo.

Majuzi nilipita katika mtaa ule wa utoto wangu. Nyumba zimekuwa za ghorofa, lakini mtaro ni ule ule, na watoto bado wanauruka wakienda shule. Nilisimama nikahesabu milango ya kichochoro chetu. Ilikuwa ishirini na sita.